Kofia za Waliofumbatana

Katika mji ule watu hawakuulizana umri wala ukoo. Waliulizana, "Umeshikwa?" na jibu lilikuwa moja tu: "Bado." Waliokwisha kushikwa hawakujibu. Walisimama katika safu ndefu zilizopinda uwanjani, mkono wa huyu ndani ya mkono wa yule, macho wameyafumba, nyuso zimetulia kama za watu waliokwisha kula na kusimuliana. Mtu wa mwisho tu katika kila safu ndiye aliyebaki na mkono mmoja mtupu. Naye alivaa kofia, na chini ya kofia alilala.

Siwatu alikuwa bado. Alikuwa msichana wa Nyumba ya Hesabu, na watu wa nyumba ile walikuwa wapweke kwa kazi yao. Walikaa juu, madirishani, wakautazama uwanja, wakaandika ukutani kwa chaki kila kilichoongezeka na kila kilichopungua. Kushuka hawakushuka. Walisema anayehesabu akishuka hukivuruga kile anachokihesabu.

Mambo ya uwanjani yalikwenda hivi. Ardhi ilikuwa na joto, na joto lile liliinua kofia. Kofia ya mtu wa mwisho ikiinuka, mtu huyo aliamka, akanyoosha mkono wake mtupu, na mpweke yeyote aliyekuwa akipita karibu akashikwa. Papo hapo mwamko ulimtoka yule wa zamani ukamwingia mgeni. Sasa mgeni ndiye wa mwisho, macho wazi, mkono wazi, akitafuta wa kumshika. Pengine safu ilipata hivyo mtu mmoja, pengine wawili. Kisha kofia mojawapo iliyokuwa ikielea ilimtua wa mwisho kichwani, akalala, na safu nzima ikalala naye. Hivyo safu zote zilikua kidogo kidogo, bila moja kuziacha nyingine mbali.

Juu ya hayo yote mbingu ilikuwa ya kioo, imepinda kama tumbo la chupa. Walikuwapo waliosema kwamba nyuma ya kioo kuna watu wengine, wakubwa mno, wenye majina yao kwa mambo haya: mpweke wanamwita molekuli, mkono wazi wanauita radikali, safu wanaiita polima, na usingizi wa kofia wanauita udhibiti. Siwatu hakujali wanaitaje. Yeye alikuwa na swali moja, na swali hilo lilimkaa kifuani kama mtoto anayekataa kuteremshwa: kilicho hai katika safu ni nini? Ni mtu? Lakini mtu hushikwa mara moja, huwa macho kwa pumzi chache, kisha akamshika mwenzake akawa wa katikati, ameshikwa pande zote mbili, asiamke tena. Ni safu yenyewe? Lakini safu hulala karibu maisha yake yote. Au kilicho hai ni ule uwazi tu, ule mkono mtupu unaohama kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, ambao si wa mtu yeyote, na kila anayeupata hudhani ni wake?

Alipowaza hivyo, wakati ulimponyoka. Asubuhi ilirudi kabla haijaondoka. Mara alikuwa mtoto mgongoni kwa mama yake, wakipenya kati ya safu, shavu lake likinata kwenye jasho la shingo ile; mara alikuwa yeye ndiye mama, na aliyembeba alikuwa mzito kuliko mtoto; mara alikuwa tena dirishani, chaki mkononi, na mwenzake wa meza ya pili anakohoa.

Mama yake, Bi Mwanakombo, alikuwa mle uwanjani, karibu na ukuta wa kioo. Alikuwa wa mwisho katika safu yake, amelala chini ya kofia ya kijani, mkono wake wa kulia umening'inia, vidole vimekunjuka kidogo kama vya mtu aliyesinzia akingoja kupewa kitu.

Hatari ya uwanja ilikuwa moja. Watu wawili wa mwisho wakiwa macho kwa wakati mmoja, wakakutana, mikono yao mitupu hushikana. Hushikana kwa furaha kubwa, na furaha hiyo ndiyo mwisho wao. Safu mbili huwa moja isiyo na mkono wazi popote. Hazikui tena, haziamki tena. Watu walisema, "Wamefumbatana," wakainamisha vichwa. Siku za mwanzo, joto lilipowashwa, kofia ziliinuka kwa mkupuo, uwanja mzima ukawa macho, na waliofumbatana walikuwa wengi mno. Baba yake Siwatu, Mzee Shekue, alikuwa miongoni mwao.

Nyumba ya Hesabu ilikuwa na adabu yake kwa watu hao. Iliwafuta ukutani kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya marashi, wao na vyote vilivyokuwa vyao, na baada ya hapo hawakuingizwa tena katika mlinganyo wowote. Ilikuwa njia ya nyumba ile ya kusema: pumzikeni, hatutawasumbua kwa hesabu zetu.

Basi siku moja Bwana Ngwali, mtunza joto, alipanda ngazi akihema, shati limemgandia mgongoni.

"Hodi humu! Nyinyi mnaishi juu kama njiwa."

"Karibu, Bwana Ngwali," alisema Bi Mashavu, mkuu wa nyumba, bila kuinuka, kwa sababu ya magoti yake. "Kaa kwanza upumue. Usije ukatufia mlangoni."

"Nikifa si mtanifuta kwa marashi? Angalau nitanukia."

Walicheka, kisha kicheko kikaisha, na ikaonekana kwamba hakupanda kwa ajili ya mzaha. Alitaka kujua jambo moja. Je, wapweke wote watapata kushikwa kabla safu hazijafumbatana zikaisha, au hawatapata?

Mlinganyo wa jambo hilo alikuwa ameuandika Siwatu. Bi Mashavu alimwashiria kwa kidevu. Siwatu akasimama mbele ya ukuta wake, akafuata kwa kidole mstari uliokuwa ukianguka kutoka juu hadi chini kama jiwe.

"Hawatapata," alisema. "Safu zitafumbatana zote, na nusu ya wapweke watakuwa bado wanazunguka."

Bwana Ngwali alitazama mikono yake. "Basi nitazima joto," alisema taratibu. "Kivuli cha ukuta kikifika katikati ya uwanja, nazima. Heri kila mtu abaki chini ya kofia yake, mzima, kuliko kuwatazama wakifumbatana wawili wawili mpaka mwisho."

"Watalala mpaka lini?" aliuliza Siwatu.

"Binti yangu, joto likizimwa hakuna cha mpaka lini."

Bwana Ngwali akashuka. Siwatu alirudia hesabu yake tangu juu. Akajumlisha upya, akagawanya upya, akitamani kwa mara ya kwanza katika maisha yake kukuta amekosea. Hakuona kosa. Akaenda dirishani. Kule mbali mkono wa mama yake uliendelea kuning'inia vile vile, na sasa ungening'inia hivyo milele, mkono uliotengenezwa kwa ajili ya kushika, usimshike mtu. Na ni yeye, mwanawe, aliyeandika mstari uliosema hivyo.

Ndipo kofia moja ilipopita mbele ya dirisha, ikielea kwa uvivu. Ilikuwa nyeupe, ya kushonwa kwa mkono, vitundu vyake vimezungushiwa uzi wa rangi ya mchanga. Upande mmoja maua ya uzi yalikuwa yameelekea chini badala ya juu. Siwatu aliijua hadithi ya maua yale: mama yake alikuwa akishona huku Mzee Shekue akimsimulia kisa cha mbuzi aliyeingia harusini, akacheka mpaka akageuza kitambaa bila kujua, na mzee akakataa katakata yafumuliwe. Akaivaa kofia vile vile kila siku, na aliyemuuliza alijibiwa, "Maua haya yanamtazama anayevaa."

Siwatu aliifuata kwa macho. Chini uwanjani kofia mbili zilikuwa zimeinuka karibu karibu. Mwanamume mmoja mwembamba na mwanamke mmoja mwenye makovu ya ndui walikuwa macho, nyuso zimewaka, mikono imenyooka. Ilibaki hatua moja washikane. Kofia nyeupe ikashuka. Ikatua juu ya kichwa cha yule mwanamume. Akalala pale pale, na mkono wa mwanamke ukapita patupu, ukamkuta kikongwe mpweke aliyekuwa akijikokota na fimbo yake, ukamshika. Kikongwe akafumbua kinywa kwa mshangao. Safu imeongezeka kwa mtu mmoja. Safu ya pili imelala salama.

Siwatu aligeuka kuutazama ukuta wake. Kofia ile, ukutani, haikuwapo.

"Bi Mashavu," alisema. "Kofia ya baba inafanya kazi."

"Baba yako tulimfuta, mwanangu. Tulimfuta vizuri. Kitambaa nilikishika mwenyewe."

"Yeye mlimfuta. Kofia yake imo uwanjani. Za wote zimo. Kila wawili waliofumbatana wameacha kofia mbili zisizo na kichwa, nazo hazijalala. Zinazunguka zinawafunika wengine."

"Vitu vya marehemu havihesabiwi. Utajisikiaje, mimi nimekufa leo, kesho mtu anahesabu kanga zangu?"

"Kama kanga zako zinamkinga mtoto wa mtu na baridi, nitazihesabu zote, na kwa kila moja nitasema ahsante."

 Bi Mashavu alichukua kile kitambaa cha marashi, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena. Sisi tulifikiri kutomtaja mtu ni kumheshimu, uso wake ulisema hivyo, ingawa mdomo haukusema. Mwishowe alisema, "Una mdomo wewe."

"Nimefunzwa na nyinyi."

"Mimi nilikufunza kugawanya tu. Mdomo ulikuja nao." Akamsukumia chaki. "Haya, andika. Kivuli hakitungoji."

Siwatu akaandika. Aliandika kwamba wawili wakifumbatana, kofia mbili zinabaki. Kofia zikibaki, hewa inajaa kofia, na kila mwamko unakuwa mfupi. Mwamko ukiwa mfupi, walio macho kwa pamoja ni wachache. Walio macho wakiwa wachache, hawakutani wenyewe kwa wenyewe. Mikono yao inawakuta wapweke, ambao ndio wengi. Kwa hiyo kila kufumbatana kunakufanya kufumbatana kunakofuata kuwa kugumu zaidi. Hakuna aliyeliamuru jambo hilo. Hakuna mtunza joto aliyelipanga, wala mtu wa nyuma ya kioo. Waliotangulia, waliochanganyikiwa kwa furaha siku za mwanzo wakapotea, ndio waliowaachia waliobaki usingizi wa kuwalinda. Kofia za ziada ziliongezeka kwa kipeuo cha tatu cha wakati: ili ziwe maradufu, wakati wenyewe lazima uwe mara nane. Hazikuwa na haraka, lakini hazikurudi nyuma. Na ule mstari uliokuwa ukianguka kama jiwe ukaanza kupinda chini ya chaki yake, ukalegea, ukalala karibu sawasawa, kama mgongo wa mtu aliyeinama kumfunika aliyelala. Safu chache zingepotea. Zilizo nyingi zingefika.

Alilia huku akiandika, na chaki ikashika machozi, tarakimu zikawa nene.

Lakini alipofika chini kabisa ya ukuta, mkono wake ulisimama. Kofia zikizidi, usingizi nao unazidi. Hesabu ile ile iliyomwokoa mama yake ilisema kwamba kila mwamko utakuwa mbali zaidi na uliotangulia. Aliutazama mstari huo kwa muda. Angeweza kuuacha bila kuuandika. Akauandika. Kisha akaenda kwenye ngazi.

"Siwatu," Bi Mashavu aliita. "Mtu wa hesabu hashuki."

"Najua, Bi Mashavu."

"Basi angalia kidato cha tatu, kimelegea."

Mlango wa moto ulikuwa upande wa pili wa uwanja, na Bwana Ngwali alikuwa amekwisha kushika gurudumu la chuma la kuzimia joto kwa mikono miwili. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimebakiza upana wa mkeka.

"Eh! Njiwa ameshuka," alisema.

"Nimekuja kusema nilikosea."

"Ulikosea wapi?"

"Niliwahesabu walio hai peke yao."

Akamweleza yote, wamesimama pale, joto likiwapiga miguuni. Bwana Ngwali alisikiliza kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza mlio wa mashine.

"Na ubaya wake?" aliuliza. "Hesabu zenu nzuri huwa na ubaya, mnauweka mwisho mkitumaini mtu ameshachoka kusikiliza."

"Watalala zaidi. Kila mwamko utakuwa mbali zaidi."

"Mama yako yumo?"

"Yumo."

"Ataamka lini?"

"Hesabu haijui. Inajua wastani wa usingizi, na inajua wastani huo unarefuka. Haina jina la mtu hata mmoja."

"Sasa hesabu isiyojua jina la mama yako inakufaa nini, binti yangu?" Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu mwenye mama.

Siwatu alifikiri. "Inajua kwamba yupo," alisema. "Nikiandika idadi ya waliolala, mmoja katika idadi hiyo ni yeye. Akitolewa, jumla yangu si kweli tena."

"Ungeweza kuniambia niongeze joto. Kofia zingeinuka kwa wingi, ungemwona leo leo."

"Na wangekutana leo leo, wakafumbatana. Hapana, Bwana Ngwali. Liache lilivyo."

Kivuli kikagusa katikati ya uwanja. Bwana Ngwali alikitazama, akamtazama msichana, akauachilia mkono mmoja kutoka kwenye gurudumu, kisha na wa pili. Akajifuta jasho kwa mkono wa shati. Kivuli kikaendelea na safari yake, na ardhi ikabaki na joto lake.

Siwatu hakurudi juu. Alikwenda mpaka penye ukuta wa kioo akasimama mbele ya mama yake, umbali wa mkono. Alimwona kwa karibu kwa mara ya kwanza tangu utoto: mikunjo ya macho, kovu dogo la mafuta ya moto kwenye kidole gumba. Wapweke walipita. Mmoja wao, kijana mwenye mabega mapana, alimtania: "Dada wa hesabu, umeanguka kutoka dirishani?" "Nimeshuka kwa miguu yangu," alimjibu, na kijana akaenda zake akicheka, na kabla hajafika mbali akashikwa na safu nyingine, kicheko kingali mdomoni.

Ulipita wakati, au wakati ulikaa nao ndio waliopita. Siwatu hakuupima. Mara alidhani ni yeye aliyelala, na mama yake ndiye aliyesimama akingoja. Mara alidhani wote wawili ni mtu mmoja mwenye mikono minne.

Kisha kofia ya kijani ikainuka.

Bi Mwanakombo alifumbua macho. "Nani huyo?"

"Mimi, mama."

"Siwatu? Mbona mikono imejaa chaki?"

"Nilikuwa kazini."

"Kazi gani hiyo isiyo na maji ya kunawa? Lete mkono."

"Mama, ngoja. Ukinishika, utakuwa wa katikati. Hutaamka tena."

"Na nisipokushika?"

"Kofia itarudi. Utalala, halafu siku moja utaamka."

"Nimshike nani?"

 Siwatu alinyoosha mkono. Vidole vya mama yake vikaufunga kwa nguvu, kama vinavyomfunga mtoto anayevushwa barabara, na uso ule ukatulia polepole, macho yakafumba, na Bi Mwanakombo akawa wa katikati. Lakini mkono haukulegea.

Mwamko ukamwingia Siwatu. Hakuwa amewahi kuuhesabu hivyo. Aliwahisi wote nyuma yake, mama yake na aliyemshika mama yake na aliyemshika huyo, watu ambao hakuwahi kuwajua wamesimama mpaka mbali, na wote walikuwa wamekuja kuishia kwenye kiganja chake cha kushoto, kilichokuwa kitupu. Swali lake la siku zote lilikuwa pale pale ndani ya kiganja kile, wala halikumuuma tena. Uwazi ule haukuwa wake. Ndiyo maana ulifaa kutolewa.

Mtu alikuwa akija kutoka upande wa Nyumba ya Hesabu. Alikuja kwa shida, ameshika magoti, kanga imemwanguka begani, na viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa chaki.

"Siwatu!" aliita Bi Mashavu. "Nafasi ipo?"

"Ipo. Umeshukaje na magoti hayo?"

"Kwa makalio, kidato kwa kidato. Nimewarudisha ukutani wote niliowafuta. Wote. Ukuta umejaa, na dari pia. Hapana pa kuandika wala pa kukaa." Alihema. "Na wewe usinitazame hivyo. Kofia haijaja?"

"Bado. Fanya haraka."

"Haraka naijua wapi mimi?"

Siwatu alinyoosha mkono mpaka bega likamuuma, na Bi Mashavu alinyoosha wake, na vikakutana viganja viwili vya chaki. Mara mwamko ukaanza kumtoka, laini, kama maji yanayoondoka mchangani. Mkono wa kulia ulishikwa, wa kushoto ulishikwa. Macho yake yalipokuwa yakifumba aliisikia bado sauti ya Bi Mashavu, ngeni kidogo, changa kidogo, ikisema, "Ala! Kumbe ndivyo kulivyo!" na kisha, kwa nguvu, kwa mtu fulani aliyesimama mbali kidogo uwanjani: "Wewe, njoo. Ndiyo, wewe. Unaogopa nini? Njoo ushike."